Nilisema Nimesoma

Kyalo mwanangu,

Salamu sitaandika. Tumesalimiana asubuhi ukinywa chai, na jioni utarudi tusalimiane tena. Umeenda Machakos mjini kuchukua viatu kwa fundi, na mimi nimebaki na begi lako hapa kitandani. Nimelifungua mara mbili kuona kama umeweka sweta. Kisha nikajicheka, sweta ya nini Mombasa. Nikaitoa, nikairudisha. Basi iache humo.

Mambo ya kula na kulala na dawa ya mbu hayako kwa hii barua. Hayo nitakuambia kwa mdomo mpaka uchoke. Hapa nataka kuandika lile jambo ambalo mdomo umekataa. Nimejaribu tangu Jumapili. Ulikuwa unapiga pasi, nikaita, "Kyalo," ukasema, "Naam, mama," na mimi nikakuuliza kama utakula ugali ama muthokoi. Jana nimekufuata mpaka kwa tangi la maji, nikakuambia mfereji unavuja. Ukainama ukaangalia, ukasema hauvuji. Kweli ulikuwa hauvuji.

Mwandiko wangu unaujua. Niliacha shule darasa la tano, na sasa hili jicho la kulia liko na ukungu. Ukiona mstari umepanda juu ya mwingine, vumilia.

Unaenda Mombasa na mambo mawili. Moja ni kazi yako ya umeme kule hotelini, na kwa hiyo namshukuru Mungu. La pili ni ile faili ya kijani ya nyumba ya Likoni. Mwenye ardhi ameandika kwamba mwisho wa mwezi tuwe tumeondoa kilicho chetu, halafu tingatinga liingie. Na juzi nilikusikia ukiongea na rafiki yako kwa simu nyuma ya nyumba. Ulisema kabla tingatinga halijaingia wewe utamtoa baba yako mdogo Kimeu kwa kile chumba anakaa, kwa shingo, umpeleke polisi kwa sababu alimpeleka ndugu yake kununua nyumba hewa. Ulisema, "Huyo ndiye alimuua babangu."

Kyalo, Kimeu hakumdanganya baba yako. Mtu alimdanganya baba yako ni mimi.

Nimeandika hivyo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuangalia kuku. Nimerudi, maneno bado yako hapo. Kwa hivyo wacha nikueleze vile ilikuwa, na usiruke mahali.

Unajua baba yako hakuwahi kuingia darasani. Mti aliujua. Angegonga gogo la muhugu na kidole akuambie ndani liko na ufa ama halina. Lakini barua, hata jina lake, hapana. Tangu anioe mimi ndiye nilikuwa namsomea, karatasi za chama cha wachongaji, maandishi ya chupa ya dawa, Biblia. Alikuwa akitaka kusomewa anaita kutoka huko kwa karakana, "Nileteeni macho yangu," na wenzake wanacheka, na mimi nafuta mikono naenda. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilipenda kupita kiasi. Hapa Wamunyu mimi ni mwanamke wa darasa la tano, lakini mbele ya baba yako nilikuwa msomi.

Ulipokuwa darasa la saba, Kimeu akapiga simu kutoka Mombasa, huko alikuwa anachonga twiga na vifaru vya wazungu. Alisema kuna mama mzee anauza nyumba Likoni, ng'ambo ya feri. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, koridoo katikati, choo na bafu nyuma, na kila chumba kiko na familia yake inalipa kodi. Baba yako bega lilikuwa limeanza kumsumbua. Alitaka kitu cha kutulisha mikono yake ikikataa kazi. Hakulala vizuri wiki mbili, kisha akaamua tuuze Katangi.

Hilo shamba la Katangi pengine umelisahau. Nyanya yako ndiye alitupatia. Mchanga mwekundu, ndengu zilikuwa zinakubali hata mwaka mbaya. Nililia kidogo siku ya kulionyesha kwa mnunuzi. Lakini ukweli ni kwamba mimi pia niliitaka hiyo nyumba. Tulienda kuiona, nikasimama kwa koridoo, mwanamke mmoja anakaanga viazi karai mlangoni kwake, mwingine anaosha mtoto, na wote wakaniamkia kwa heshima, shikamoo mama, karibu mama. Baba yako anagonga fremu za milango moja moja akisikiliza mbao. Mimi nilikuwa nahesabu vyumba kama mtu anahesabu watoto wake jioni. Nikajiona mama mwenye nyumba.

Siku ya kuandikiana tulienda kwa ofisi ya mwanasheria fulani, ghorofa ya pili. Mwanasheria mwenyewe hatukumwona, tulimwona msichana karani, kucha ndefu, simu mkononi. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu yule mama mzee alikataa kuandikiwa Kizungu. Nikapewa mimi. Nikasoma polepole na kidole. Majina sawa. Mtaa sawa. Kisha nikafika mahali imeandikwa, na haya maneno utayaona kwa faili, ukurasa wa kwanza katikati: "nyumba ya vyumba sita, yaani kuta, mabati, milango na madirisha, bila ardhi."

Nikasimama hapo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kiliharibikia. Sisi huku tukisema Ardhi tunamaanisha nini? Ofisi. "Nimetoka Ardhi." "Faili imepotea Ardhi." Wakati wa kuuza Katangi tulienda Ardhi mara nne, tukakaa kwa benchi mpaka baba yako akaapa hatakanyaga tena huko. Mchanga wenyewe tunaita mchanga, ama shamba, ama ploti. Na nyumba tunajua ni nini. Ni wapi Ukambani mtu alikuuzia nyumba akabaki na mchanga ulio chini yake? Kwa hivyo niliposoma "bila ardhi" nilielewa kwamba hii nyumba haitatupeleka Ardhi. Nilifurahi hata. Nikasema moyoni, asante, huku mambo ni rahisi.

Lakini kitu kilinigonga. Kwa nini wamehesabu kuta, na mabati, na milango, kimoja kimoja, kama mtu anauza vyombo? Nilikuwa nataka kuuliza. Mdomo ulikuwa umefunguka. Na yule msichana, bila kuinua macho kwa simu, akasema, "Mama, umesoma?"

Alikuwa anauliza kama nimemaliza karatasi. Leo najua hivyo. Siku hiyo nilisikia ingine. Nilisikia anauliza kama nilienda shule. Nikaona viatu vyangu viko na vumbi la Wamunyu, na kitambaa cha kichwa, na kidole changu bado kiko kwa mstari kama cha mtoto wa nasari. Nikakitoa. Nikasema, "Nimesoma."

Baba yako akanigeukia. "Iko sawa?"

"Iko sawa."

Akaweka kidole gumba kwa wino, akakibonyeza pale nilimwonyesha.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa mtu anaweza kusamehewa. Endelea.

Tulipotoka nje baba yako akaenda kununua maji ya miwa kando ya barabara. Kimeu akanivuta nyuma kidogo. Akaniambia kwa Kikamba, pole pole, watu wengine wakisikia wasielewe, "Shemeji, hiyo mambo ya ardhi umeielewa? Huku si kama kwetu. Kama hujaelewa turudi juu, bado hawajafunga."

Aliuliza, Kyalo. Aliuliza wakati bado kulikuwa na ngazi ya kurudi juu. Na mimi nikamjibu na hasira, "Kimeu, unaniona mjinga? Nimeelewa." Akacheka, akainua mikono kama mtu ameelekezewa bunduki, akasema basi nisimwambie kaka yake kwamba aliniuliza, atasema anadharau macho yake. Tukacheka wote. Baba yako akaja na vikombe vya miwa akauliza tunacheka nini, na hakuna mtu alimwambia.

Miaka ikaenda. Hiyo nyumba ilikusomesha, hilo unalijua, sekondari na koleji. Kimeu akakaa kwa chumba cha mwisho akiangalia wapangaji na kukusanya kodi. Kila mwaka alikuwa anatoa kitu kidogo kwa kodi anaandika "ya ardhi," na mimi namsomea baba yako, namwambia ni ile ya ofisi. Baba yako ananung'unika, ati hawa watu wa Ardhi wametufuata mpaka baharini. Kumbe ilikuwa inaenda kwa wenye mchanga. Kimeu hakuficha. Aliandika, na mimi nilisoma, na bado sikuona.

Halafu wenye ardhi wakauza kwa mtu wa kujenga maghorofa. Wakaja watu wa kupima, wakapiga vigingi mpaka kwa mlango. Baba yako akaenda. Alikaa siku tatu. Wewe ulikuwa koleji. Aliporudi hakuingia nyumbani, alikaa kwa kile kiti chake cha kuchongea, kofia kichwani. Nikampelekea maji. Akaniambia tulinunua kuta. Akaniambia huko Likoni kila mtu anajua, hata mtoto, kwamba nyumba ni kitu kimoja na mchanga ni kitu kingine, na mtu anaweza kuwa na moja bila ingine. Akasema walizozana na Kimeu mbele ya wapangaji. Kimeu alisema, "Mimi nilimuuliza mkeo, akasema ameelewa."

Kisha akaniangalia. "Mama Kyalo. Alikuuliza?"

Nimekuwa na miaka ya kufikiria hapo mahali. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikaona Katangi, ndengu zimeiva kwa shamba la mtu mwingine. Nikaona bega lake. Nikaona wale wanaume wa karakana wakicheka, sasa si kicheko cha utani. Baba yako hakuwahi kuniinulia mkono hata siku moja, kwa hivyo usifikiri niliogopa hilo. Niliogopa asiniite tena.

Nikasema, "Hakuniuliza."

Aliniangalia kwa muda, vile alikuwa anaangalia gogo kabla ya kulipasua. Nilijua akiangalia kidogo zaidi ataona ufa. Lakini akainamisha kichwa, akasema, "Basi." Kutoka hiyo siku hakushika simu ya ndugu yake.

Ule mwaka haukuisha kabla aanguke, akapooza upande mmoja. Yaliyofuata ulikuwepo. Ulikuwa umemshika mkono wakati alisema kile kiumo, ile laana ya mwisho. Wewe umezaliwa juzi, mambo ya kiumo pengine unayaona ya wazee, lakini huku kwetu neno la mzazi anayeondoka halichezewi. Alisema, "Mtoto wangu asile chakula kwa Kimeu. Na Kimeu asitupe mchanga kwa kaburi yangu." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na uji. Yeye alikuwa bado anasikia. Ningesema. Maneno matatu tu yangetosha, Kimeu aliniuliza kweli. Badala yake nilikaa, nikampa uji kwa kijiko.

Na siku ya mazishi. Kimeu alitoka stendi kwa miguu na msalaba begani, amechonga mwenyewe, muhugu, jina la baba yako limekaa vizuri kabisa na maua pembeni. Ni wewe ulikuwa getini. Ulisimama mbele yake, na kabla ya kufanya kitu ukageuka ukanitafuta kwa macho. Nilikuona. Ulikuwa unangoja nitikise kichwa, useme mama amesema aingie, yaishe. Mimi nikaanza kuhesabu sahani. Ukafunga geti.

Aliegemeza msalaba kwa ua. Akasimama ng'ambo ya barabara na kofia mkononi mpaka mchanga ukaisha kumwagwa, kisha akaenda. Uliniuliza mara moja msalaba umeenda wapi, nikasema watoto waliuchukua kuni. Hawakuuchukua. Mimi niliuweka stoo nyuma ya magunia.

Kwa hivyo usimpeleke Kimeu polisi. Na lile geti ulilofunga, mimi ndiye nilifunga. Wewe niliazima mkono wako tu. Hilo ndilo linanichoma kushinda yote.

Sijui kukufundisha kitu. Nimeharibu vya kutosha, siwezi kukaa hapa nikikuonyesha njia. Lakini kuna jambo moja niliona wiki iliyopita likanitia baridi. Ulikuwa unasoma barua ya kazi, nikakuuliza neno moja hapo chini lina maana gani. Ukaangalia, ukakunja karatasi, ukasema, "Ni mambo ya ofisi tu, mama." Niliijua hiyo sauti. Ni yangu. Ni ile niliyomjibu nayo yule karani. Ningemwambia tu, dada, hii bila ardhi ni nini, angenicheka, labda angemwambia mwenzake wakanicheka wote wawili mpaka saa ya kufunga. Ningeshuka ngazi na aibu yangu na pesa ya shamba. Tungenunua shamba lingine, saa hii ningekuwa na mchanga mwekundu kwa kucha, na baba yako pengine angekuwa nje hapo akigonga miti. Uliza hilo neno kabla hujaweka sahihi. Uliza mtu yeyote. Hata kama ni msichana wa kucha ndefu.

Kile kiumo nimekifikiria sana. Baba yako alikitoa juu ya uwongo wangu, kwa hivyo kama kinatafuta mtu, huyo mtu si Kimeu wala si wewe. Kiko na mahali pa kukaa. Hili jicho daktari anasema ni mtoto wa jicho, linapasuliwa, ni kitu cha kawaida. Sawa. Mimi sibishani na daktari.

Ukifika Likoni utapata vyumba vitano viko tupu, wapangaji wameshahama. Kimeu amebaki peke yake kwa kile cha mwisho, mkono wa kushoto. Simu yangu hakushika, na simlaumu. Kilicho chetu ni vile karatasi ilisema, mabati, milango na madirisha. Umwachie vyote. Auze, ajengee mahali, achome, ni shauri yake. Usiingie kwa nguvu. Bisha. Akiuliza nani, sema jina lako na la baba yako. Kisha kabla hajasema kitu, mwambie hivi: "Mama amesema ulimuuliza." Usiongeze, usipunguze. Ataelewa. Halafu akikukaribisha chakula, kaa ule. Nimesema mimi, mama yako, kula.

Saa nane hivi, kabla nianze kuandika, nilitoa ule msalaba stoo, nikaufuta na mafuta ya nazi, nikang'oa ule wa simenti tulinunua, nikausimamisha pale kwa kaburi. Haujasimama wima, mkono wangu hauna nguvu. Mama Mwende, jirani, alikuwa anapita na punda wake, akasimama kwa ua akauliza nani amechonga kitu kizuri hivyo. Nikamwambia, "Ni Kimeu, ndugu yake." Akaniuliza si nyinyi mlimfukuza. Nikasema ndiyo, na nikamwambia kwa nini. Kwa hivyo usiku ukiingia Wamunyu yote itakuwa inajua, na wewe ukipita sokoni pengine utasikia kabla ufike hapa nyumbani. Ndiyo maana ninaandika haraka, nataka uisikie kwangu kwanza. Sijui kama nitamaliza kabla ya wao.

Nitaweka hii barua ndani ya faili ya kijani, juu ya ile karatasi ya nyumba, na faili nitaiweka kwa kiti chako.

Kesho asubuhi nitakuletea chai, na nitakuuliza kitu kimoja tu. Nitakuuliza, "Umesoma?" Ukisema umesoma, sitauliza la pili. Usinipe moyo, usiseme si kitu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Nitajua kutoka kwa hilo begi. Kama utaniacha nilibebe mpaka barabarani, ama utalichukua mwenyewe.

Mama yako